Maswali ya Wasomaji: Gwanda, Suti na Uanasheria wa Serikali

SWALI: Nasoma shahada ya sheria, mwaka wa tatu. Nataka kuwa mwanasheria wa jeshi, kisha nihamie shirika la umma. Nianze na lipi? – Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Jeshi, kwa sababu ya umri. Matangazo ya kawaida ya Sekretarieti ya Ajira hupokea waombaji wasiozidi miaka 45; JWTZ hufunga mlango mapema zaidi, na kikomo huandikwa kwenye tangazo lenyewe. Shahada peke yake haikupi nyota begani. Kuna mafunzo ya kuruta, kisha ya uofisa pale Monduli, jirani zako. Baada ya hapo ndipo utaishika Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192: mashtaka ya nidhamu, Mahakama ya Kijeshi, ushauri kwa makamanda. Ila gwaride hutangulia faili. Na ofisa mwenye kamisheni haachi kazi kwa notisi ya mwezi mmoja, kwa hiyo hilo neno "kisha nihamie" lipime vizuri.

Kabla ya yote, Law School, yaani mafunzo ya uanasheria kwa vitendo baada ya shahada. Usiidharau: mwaka 2022 matokeo ya wanafunzi 26 tu kufaulu kati ya 633 yalizua mjadala nchi nzima hadi ikaundwa kamati. Pale unapimwa kuandaa hati ya madai, kiapo na mkataba; kukariri vifungu hakutoshi. Anza kuandika hati sasa, ungali chuoni.

Ukitaka gwanda na shirika kwa pamoja, tazama TANAPA, shirika la Hifadhi za Taifa; makao makuu yake yapo hapo hapo Arusha. Ni shirika la umma, lakini linaendeshwa kwa mfumo wa jeshi usu, yaani kwa sare, vyeo na nidhamu ya kijeshi, na mkuu wake ni Kamishna wa Uhifadhi. Wanafunzi wengi wa sheria hawalifikirii kabisa.

Kwenye Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira wa kuomba kazi mtandaoni, wengi hukwama kwa vitu vidogo: wamepandisha hati ya matokeo badala ya cheti, nakala hazijathibitishwa na wakili, barua haina saini, au jina la NIDA halifanani na la cheti cha kidato cha nne. Hilo la jina lishughulikie mwaka huu, huchukua muda.

SWALI: Mimi ni afisa sheria wa taasisi ya umma. Mkandarasi ametushtaki Mahakama ya Hakimu Mkazi bila kutupa notisi. Nijibu mwenyewe? – Msomaji, Moshi

JIBU: Usikimbilie utetezi wa hoja za madai. Baada ya marekebisho ya mwaka 2020, Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inagusa hata mashirika ya umma na halmashauri: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Kwa maelezo yako, notisi haipo na mahakama siyo. Hayo ni mapingamizi ya awali: hoja za kisheria zinazotolewa kabla madai yenyewe hayajasikilizwa.

Siku hiyo hiyo ulipopokea samansi, peleka nakala Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, inayoitetea Serikali mahakamani, pamoja na mkataba, barua zote na hati za malipo. Tarehe ya kupokea iandikwe juu ya samansi yenyewe na isainiwe, maana muda wa kujibu huhesabiwa kuanzia hapo. Samansi iliyolala masjala wiki mbili ndiyo huzaa hukumu ya upande mmoja.