Fundi wa miaka 17 anataka kuhamia kwenye uthamini, aanzie wapi?

SWALI: Kaka habari. Nina miaka 43, nimefanya ujenzi hapa Dodoma miaka 17, mwanzo nilikua fundi wa tofali baadae msimamizi wa saiti. Nina form four na cheti cha VETA. Goti limeanza kugoma kupanda jukwaa, nataka kuhamia kwenye uthamini wa nyumba au kuwakagulia watu nyumba kabla hawajanunua. Kuna mtu ananunua nyumba Ilazo kaniomba nimwandikie ripoti na bei kabisa. Je naruhusiwa, na nianzie wapi?

JIBU: Salama kaka, na pole na goti.

Nianze na huyo mteja wa Ilazo maana hilo ndio la haraka. Hali ya nyumba mwandikie, bei usimwandikie. Hata kama unaijua, hata akikuongezea hela. Toka ije Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, kufanya kazi ya uthamini bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini ni kosa, na ile karatasi yako akiipeleka benki hawataipokea, kwahiyo yeye kapoteza hela na wewe umejiweka kwenye matatizo. Mwambie bei atafute mthamini aliyesajiliwa, wewe unamwambia nyumba inaumwa nini. Hizi ni kazi mbili tofauti, watu wengi wanazichanganya, ata Marekani huko anayekagua nyumba na anayeithamini ni watu wawili.

Sasa kwenye ukaguzi mtaji wako mkubwa unao tayari. Huku kwetu siijui bodi inayosajili mkaguzi wa nyumba za kununua, waliopo ni watu kama wakaguzi wa majengo wa halmashauri na wahandisi waliosajiliwa na bodi yao ya ERB, kwahiyo usijiite mhandisi, jiite fundi unayetoa maoni kuhusu hali ya nyumba na uandike hivyo juu ya ripoti. Kozi za mtandaoni za Marekani sikushauri uzianze nazo, zinafundisha nyumba za mbao zenye vyumba vya chini ya ardhi na mitambo ya kupasha joto, wewe kesho unaenda Nkuhungu kwenye tofali za saruji na bati.

Jifunze kuusoma ufa, kwa Dodoma ndio somo lenyewe. Unajua sehemu zenye udongo mweusi wa mbuga, mvua zikianza Desemba ule udongo unavimba, kiangazi kikiingia unasinyaa mpaka ardhi inapasuka, na msingi unapelekwa juu chini kila mwaka. Ufa wa namna hiyo unatoka kona ya dirisha unapanda kwa ngazi kufuata viungo vya tofali, na mara nyingi juu ni mpana kuliko chini. Ingia ndani uangalie ukuta uleule, ukiukuta na ndani pale pale basi umepasuka ukuta mzima, sio plasta tu. Vile vidogo vidogo kama utando wa buibui usimtishie mteja navyo, hiyo ni plasta ilikauka haraka fundi hakumwagilia maji. Chukua penseli, weka alama pale ufa ulipoishia, andika tarehe pembeni, piga picha. Ukirudi baada ya miezi miwili umevuka alama, andika kwenye ripoti aite mhandisi, usijaribu kumaliza mwenyewe.

Jingine ni chumvi. Ukikuta nyumba imepakwa rangi mpya kozi tatu nne za chini tu, yaani mistari ya tofali ya chini, juu rangi ya zamani, simama hapo hapo. Gonga plasta kwa kidole uone kama inalia tupu, shika uone kama inatoka unga mweupe. Inaweza kuwa hawakuweka nailoni ya kuzuia maji juu ya msingi, unyevu unapanda, au mchanga na maji ya kujengea yalikua na chumvi. Alafu panda darini, yaani mtume kijana kama goti halitaki, apige picha kenchi na mbao zilizoliwa na mchwa.

Tukija kwenye uthamini wenyewe, hapo lazima urudi darasani. Chuo cha Ardhi Tabora kina masomo ya usimamizi wa ardhi na uthamini ngazi ya cheti na diploma, na Chuo Kikuu Ardhi cha Dar kinatoa shahada. Baada ya hapo unafanya kazi chini ya mthamini aliyesajiliwa ndio unaiomba bodi ikusajili. Ni miaka, sikufichi.

Na nikuambie kitakachokusumbua wewe kama fundi, utataka kuhesabu tofali. Gharama ya kujenga sio thamani. Chukulia mtu kamwaga milioni 90 kwenye nyumba ila barabara haijafika na majirani zake wenye nyumba kama ile wanauza 60, soko halimrudishii hiyo 30 iliyobaki. Mthamini analinganisha na mauzo ya jirani, au anaangalia kodi inayoingia, au anakokotoa gharama ya kujenga upya anatoa uchakavu alafu anaongeza ardhi, na lazima ajue ipi inafaa wapi. Nyumba ya kupangisha Area C na godauni huwezi kuzipiga kwa njia moja.

Pia jizoeshe nyaraka kuanzia sasa. Bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, ziko wapi, kibali cha ujenzi kipo, jina kwenye hati ndio la anayeuza? Viwanja vingi vya zamani hapa vilitolewa na CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo ilivunjwa 2017 na kazi zake zikaenda halmashauri, kwahiyo mteja wako akafanye upekuzi ofisi ya ardhi kabla hajatoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Kama mimi ndio wewe ningekagua nyumba mwaka mmoja huku natafuta ofisi ya uthamini hapa mjini inichukue nishike tepu, waende na mimi saiti. Wanahitaji mtu anayejua jengo. Wakati huo huo waulize Tabora vigezo vya kuingia mapema, na uwapelekee matokeo yako ya form four, usitegemee cheti cha VETA peke yake.