Kabla hujanunua darubini kwa ajili ya zile picha za nebula, nisikilize kwanza

Mbukwenyi ndugu zangu. Wiki hii tena kuna dogo mmoja wa hapa Dodoma kaniuliza, kaka nimejichanga nimefikisha laki nne, ninunue darubini gani ili nione zile nebula (mawingu ya gesi na vumbi kule angani) na galaksi zenye rangi kama tunazoziona mtandaoni? Nikamwambia usinunue kitu kwanza. Akanyamaza, nikajua nimemkata maini, ndo maana naandika yote hapa kwa kirefu, coz najua anavyojisikia, hapo alipo mi nilishapita.

Mi nilianza Julai 2022. Darubini ya James Webb ilitoa picha zake za kwanza tarehe 12 mwezi huo, mojawapo ni ile ya nebula ya Carina, yale mawingu ya rangi ya kutu yamesimama kama milima na nyota zinameta juu yake. Niliiona kwenye simu nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo. Miezi mitatu baadae nilikuwa na darubini yangu, nimeinunua duka fulani, kwenye boksi imeandikwa inakuza mara 525. Nikaisimamisha uani kwetu Nzuguni, nikahangaika nayo karibu saa zima mpaka nikaipata nebula ya Orion, na nilichokiona ni kiwingu cha kijivu, kidogo, kama pumzi kwenye kioo. Nilienda kulala nimenyong'onyea kabisa. Ilichukua muda kuelewa kwamba darubini haikuwa mbovu sana, mi ndo sikuambiwa zile picha zinapatikanaje.

Sasa sikiliza. Jicho letu gizani halioni rangi vizuri, zile chembe za jicho zinazoona rangi zinahitaji mwanga wa kutosha, mwanga ukiwa hafifu zinabaki kazini zile nyingine ambazo zinaona weusi na weupe tu. Alafu jicho haliwezi kuweka akiba ya mwanga, kila sehemu ndogo ya sekunde linafuta na kuanza upya. Kamera inaweka akiba. Unaifungua sekunde 5, sekunde 30, dakika 5, mwanga unaingia na kujilimbikiza kama maji ya mvua kwenye pipa. Ile picha maarufu ya Hubble, darubini iliyoko huko juu angani, inayoonyesha galaksi kama 10,000 kwenye kipande kidogo sana cha anga (ilipigwa kati ya Septemba 2003 na Januari 2004) ni picha 800 zimeunganishwa, ukijumlisha muda wote ni siku 11 na zaidi za kukusanya mwanga. Siku kumi na moja! Na Hubble kioo chake kina upana wa mita 2.4. Halafu mtu anataka aweke jicho kwenye darubini ya sentimita saba aone vile vile, haiwezekani ndugu yangu, na anayekuuzia kwa kukwambia utaona hivyo anakudanganya.

Na hizo "mara 525" zisikubabaishe kabisa. Kanuni ya haraka ni kwamba kila milimita moja ya upana wa darubini inakupa ukuzaji wa mara 2 hivi, basi, zaidi ya hapo ni ukungu. Yangu ilikuwa milimita 76, kwahiyo mwisho wake ni kama mara 150. Na kwa nebula ukikuza sana ndo inazidi kufifia. Kwa mwezi, pete za Zohali na miezi ya Mshtarii darubini ndogo ni raha tupu, sikukatazi, ila kama moyo wako uko kwenye zile picha basi pesa yako ianzie kwenye kamera.

Kilichonitoa mimi ni kamera kuukuu ya mtumba niliyopata kwa mpiga picha wa harusi aliyekuwa anabadilisha vifaa, na lenzi yake ya milimita 50, stendi ya kawaida, basi. Haifuati nyota wala nini. Dunia inazunguka kwahiyo ukiacha kamera wazi muda mrefu nyota zinakuwa vistari, ndo maana kwa lenzi hiyo napiga sekunde 5 tu kila picha, ila napiga nyingi. Picha 360 za sekunde 5 ni nusu saa nzima ya mwanga. Ukiwa na kirimoti cha kupigia picha zenyewe mfululizo ni vizuri, mkono ukigusa kamera inatikisika. Ukimaliza unafunika lenzi na kifuniko chake unapiga nyingine kama 20 za giza tupu, hizo zinaonyesha chenga za joto la kamera yenyewe, na kwa joto la kwetu la Novemba chenga ni kibao, programu itazitoa. Kwenye kompyuta natumia Siril, ni ya bure, DeepSkyStacker nayo bure. Zinapanga picha zote nyota juu ya nyota na kutafuta wastani. Chenga zinabadilika kila picha lakini nebula iko pale pale, kwahiyo picha 100 zikiunganishwa chenga zinapungua mara 10 na nebula inabaki. Mara ya kwanza kuona lile wingu la pinki linajitokeza taratibu kwenye kioo cha kompyuta, nimelipiga mimi, kutoka Dodoma, aisee nilimwamsha mke wangu saa nane usiku aje aone.

Sehemu ya kupigia ndo jambo kubwa kuliko kamera, hapa naomba mnielewe. Mji wetu umekua haraka tangu serikali ihamie, taa ni nyingi, Mtumba kule kwenye mji wa serikali usiku kunawaka, na uani Nzuguni siwezi tena kuiona Njia ya Maziwa (ule mkanda mweupe wa nyota) vizuri. Lakini ukitoka nje ya mji kidogo tu, upande wa Hombolo kwenye mashamba ya zabibu, au Mvumi, au Bahi, unakuta giza ambalo wenzetu wa miji mikubwa ya ulaya wanalisafiria kwa ndege. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei mpaka Novemba mwanzoni hamna mvua, hewa kavu, usiku baada ya usiku anga halina wingu. Mtu wa pwani na unyevunyevu wake hana bahati hii.

Ila usiende kimya kimya. Mara yangu ya pili upande wa Hombolo, Novemba, nimekaa na tochi nyekundu (nyekundu kwasababu macho yanachukua nusu saa hivi kuzoea giza na mwanga mweupe unaharibu yote, funga tu plastiki nyekundu kwenye tochi), nikasikia hodi nyuma yangu, mzee mmoja na vijana wawili wana fimbo. Wameona kitaa chekundu kimekaa shambani saa tatu usiku, wangefikiria nini? Nikasimama, shikamoo mzee, marahaba, mwanangu unafanya nini huku. Nikamwonyesha kioo cha kamera. Akaangalia picha moja ya Orion ambayo haijaguswa na kitu, kuna kidoa cha pinki katikati, akaniuliza hii rangi umetia wewe? Nikamwambia hapana mzee, ni hewa ya hidrojeni inawaka kule juu kwasababu kuna nyota changa ndani yake zinaichoma kwa mwanga wao mkali, ndo rangi yake hiyo, jicho tu haliioni. Akatikisa kichwa taratibu. Akaniuliza imetoka huko lini. Nikamwambia miaka kama 1,300 iliyopita, ndo mwanga wake unafika leo. Akakaa chini kabisa kwenye mchanga, hakuongea muda mrefu. Baadae akanyoosha fimbo kwenye kile kifungu cha nyota ndogondogo, akasema kile ni Kilimia, kikionekana hivi jioni sisi tunaandaa mashamba. Nikageuza kamera tukakipiga pamoja. Yeye anahesabu sita, kijana mmoja anasema saba, kwenye picha zikaja nyingi tukashindwa kuhesabu (kwa ujumla kile kifungu kina nyota zaidi ya 1,000, mwanga wake unachukua miaka kama 440 kufika hapa). Toka siku hiyo kabla sijaenda popote napiga simu kwa mwenyekiti wa kitongoji, naaga, na napewa mtu wa kukaa na mimi.

Kuhusu rangi niongeze kidogo maana ni swali la haki na wengi wanaogopa kuliuliza. Pinki ya Orion ni rangi ya kweli. Picha nyingi za Hubble ni tofauti, kamera zake zinapiga nyeusi na nyeupe kupitia vichujio, kila kichujio mwanga wa aina moja, alafu wataalamu wanapanga, salfa inapewa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni bluu, ndo ile picha ya nguzo za nebula ya Tai ya mwaka 1995. Webb yenyewe mwanga inaouona karibu wote jicho la binadamu haliuoni, kwahiyo lazima upewe rangi. Siyo uongo, ni tafsiri, kila rangi inakwambia kitu kipo pale. Na kama huna kamera wala nauli ya kutoka mjini, data za Hubble na Webb nyingi ziko wazi bure kwenye kumbukumbu yao inayoitwa MAST, unashusha zile nyeusi na nyeupe tatu, unaziunganisha mwenyewe kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Faili ni kubwa, tumia bando la usiku. Nimejifunza mengi kwa njia hiyo wakati wa masika anga limefunga.

Wenye uwezo wa kununua stendi ya kufuata nyota, muwe makini na kitu kimoja ambacho video za ulaya hazitawaambia. Ile stendi lazima mhimili wake uelekee ncha ya anga (pale nyota zote zinapoonekana kuzungukia), na kwetu ncha ya kusini iko nyuzi 6 tu juu ya upeo wa macho, chini kabisa kwenye vumbi, na hamna nyota angavu ya kukuonyesha ilipo. Stendi nyingi haziwezi kulala chini kiasi hicho, au uzito wa nyuma unagonga mguu. Uliza kabla ya kulipa, inashuka mpaka nyuzi ngapi? Muuzaji asipojua, mwambie apime mbele yako.

Lakini Mungu katupa upande mwingine. Nebula ya Orion inapita karibu kabisa utosini kwetu, pale ambapo hewa ni nyembamba kuliko sehemu nyingine yoyote ya anga. Usisubiri Januari ndo uitafute, mawingu. Amka Oktoba saa kumi alfajiri, upepo umeshatulia, iko juu ya kichwa. Mwisho wa Aprili saa tatu na nusu usiku Carina iko kusini, kubwa kuliko Orion, na jicho tupu linaiona kama kidoa. Mwisho wa Mei muda huo huo Omega Centauri, nyota kama milioni 10 kwenye mpira mmoja, hiyo hata ile darubini yangu ya milimita 76 iliniliza machozi. Agosti saa mbili usiku katikati ya Njia ya Maziwa iko juu, elekeza kamera popote pale utapata kitu. Galaksi ya Andromeda ni Novemba, kaskazini, mwanga wake umesafiri miaka milioni 2.5.

Chagua usiku wa giza, siku chache kabla au baada ya mwezi kuandama, mwezi mpevu unafuta kila kitu. Funga kamera kwenye mfuko wa nailoni njiani maana vumbi la barabara ya kule linaingia kila mahali. Na kama ni Juni au Julai beba koti zito na soksi mbili, baridi ya Dodoma saa tisa usiku shambani sio ya kuisikia kwa watu.