Umealikwa kuzamia mapango ya Florida na rafiki anasema "nifuate tu"

Ndugu yangu uliyeuliza,

Umesema kwamba una cheti cha kwanza cha kupiga mbizi ulichokipata Zanzibar, kwamba umeshazamia Mnemba mara zisizopungua arobaini, na kwamba rafiki yako anayeishi Florida amekualika mwishoni mwa wiki mkazamie pamoja kwenye mapango ya chemichemi. Ulipomweleza kuwa hukufundishwa mambo ya mapango, alikujibu: "Usijali, mimi nimefuzu, wewe nifuate tu." Unauliza kama hilo linatosha. Halitoshi, na kwa kuwa mimi huenda huko na swahiba wangu mmoja kila tunapopata nafasi, nitakueleza kwa kirefu safari yetu moja ya siku mbili ili uone ni kwa nini.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninaishi Atlanta. Swahiba wangu kwao ni Lamu. Sote wawili tulianza kama wewe, baharini, kisha tukasomea mapango hatua kwa hatua hukuhuku Marekani. Ijumaa jioni tulipakia mitungi kwenye gari, tukashika barabara kuu ya kusini, na baada ya saa tano hivi tukafika High Springs, mji mdogo wa kaskazini mwa Florida ambao wapiga mbizi wa mapangoni huujua kama mahujaji wanavyojua mji wao. Ardhi yote ya huko ni mwamba wa chokaa. Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni angani na udongoni, yakawa na ukali mdogo wa asidi, yakaula mwamba taratibu kwa maelfu ya miaka hadi yakachimba mahandaki, na sasa maji hayohayo hutokea juu kama chemichemi. Aliyepata kuingia pango la Mangapwani kule Unguja na kuona kidimbwi cha maji ndani ya mwamba wa matumbawe ameshaona ndugu mdogo wa mapango haya, ila haya ya Florida yamejaa maji hadi darini na huendelea kwa kilomita nyingi.

Jumamosi tulikwenda Ginnie Springs, kando ya mto Santa Fe. Mahali penyewe ni mali ya watu binafsi, na siku za mapumziko hujaa vijana wanaoelea mtoni juu ya mipira huku muziki ukivuma kutoka kambini. Ukiwa umevaa mitungi miwili mgongoni na jasho linakutoka, inabidi uwapite hao ukiwasalimia mmoja mmoja, nao hukuuliza kama umeona mamba. Wengi wao hawana habari kwamba chini ya migongo yao kuna handaki refu.

Hapa ndipo pana sehemu ya jibu lako, kwa sababu Ginnie pana chemichemi zaidi ya moja na kila moja ina sheria yake. Ile inayobeba jina la mahali penyewe ina ukumbi mpana wa mwamba unaoshuka hadi kiasi cha mita 15, na mwisho wake umezibwa kwa wavu wa nondo ili mtu asiweze kuingia ndani zaidi. Maji hutoka kati ya nondo hizo kwa nguvu kiasi kwamba ukizishika unapepea kama bendera. Mtu mwenye cheti kama chako huruhusiwa kuingia ukumbi huo akiwa na taa yake, na ninakuhimiza uende, maana utatoka na hadithi ya kusimulia. Jirani yake kuna Devil's Eye na Devil's Ear, yaani Jicho na Sikio la Ibilisi, ambazo ni milango ya pango la kweli. Huko wewe hutaruhusiwa kubeba taa hata moja. Niliposikia sheria hiyo mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya, kwani nani humnyima taa mtu anayekaribia giza? Lakini ina hekima yake, kwa kuwa asiye na taa hufika kwenye ukingo wa giza akarudi mwenyewe bila kushurutishwa, ilhali mwenye taa hujiambia ataingia hatua mbili tu aone kilichopo kwenye kona.

Sisi tuliingia kupitia Devil's Ear. Ni ufa ulio kwenye sakafu ya mto, na maji yake hukusukuma usoni kana kwamba mtu amefungua bomba la zimamoto. Kabla ya kushuka tulikubaliana kuhusu hewa. Kila mmoja alikuwa na ba 210, ba ikiwa kipimo cha shinikizo la hewa mtungini, kwa hiyo theluthi ni ba 70: tungegeuka pale wa kwanza wetu atakapofika 140. Theluthi moja ni ya kuingilia na ya pili ni ya kutokea. Ile ya tatu si yako, ni ya mwenzako, endapo mtungi wake utapata hitilafu mkiwa mbali kabisa na mlango na ikabidi mtoke wawili mkipumua hewa ya mmoja. Kanuni hiyo, pamoja na ile ya kuwa na kamba isiyokatika kutoka mkononi mwako hadi kwenye maji ya wazi, iliandikwa na Mmarekani Sheck Exley katika kitabu chake cha mwaka 1979, alichokiandika kwa kuchambua ajali moja baada ya nyingine akiuliza ni jambo gani lililowaua waliokufa. Majibu yake, pamoja na yale yaliyoongezwa na waliomfuata, hayajachakaa: kukosa mafunzo, kukosa kamba, kutotunza hewa, kwenda kina kirefu mno, na uhaba wa taa. Anayeingia pangoni hubeba taa tatu, kubwa moja na mbili za akiba, na kubwa ikizima safari imekwisha hata kama zile mbili zinawaka vizuri.

Basi mle ndani nilifanya kosa la mtu wa baharini. Mkondo wa Ginnie haushindwi kwa miguu. Unatakiwa ushike mwamba kwa vidole, ujivute, uteleze, utafute tena pa kushika, ukikaa mahali ambapo mkondo ni mpole. Mimi nilipiga miguu. Tukiwa bado hatujafika mahali wenyeji wanapopaita "Midomo", kwa kuwa dari na sakafu hukaribiana, pumzi zangu zilikuwa fupi na za haraka. Geji ilisoma 165, kwa hiyo kwa hesabu ya theluthi nilikuwa bado na haki ya kuendelea. Swahiba wangu aliyekuwa mbele aligeuka, akanimulika kifuani, akatazama mapovu yangu kwa muda, kisha akainua dole gumba.

Wewe umeshafundishwa kwamba ishara hiyo, ambayo kwetu nchi kavu ni "safi kabisa", majini maana yake ni kupanda. Pangoni ni amri. Mwenzako huipokea kwa kuirudisha ileile, na hakuna ishara ya kuuliza kwa nini. Niliirudisha, lakini moyoni nilinuna. Saa tano za barabara, na tunageuka kabla hata ya Midomo! Mkondo ulitubeba kurudi kama majani, tukafika kwenye gogo lililokwama penye Devil's Ear, kina cha mita 6 hivi, tukatulia pale dakika kadhaa tukitoa naitrojeni mwilini. Juu yetu maji maangavu ya chemichemi yalikuwa yanakutana na maji ya mto Santa Fe ambayo rangi yake ni ya chai ya rangi, kwa sababu ya majani yaozayo msituni, na jua lilipenya hapo likiwa jekundu na kijani kwa pamoja. Sijawahi kuona kitu cha namna hiyo baharini, na hasira zikaniishia hapohapo.

Jioni, tukiwa tunakula, aliniambia: "Bwana, nilikuwa nikisikia pumzi zako kuliko zangu." Ndipo nikakiri kwamba kichwa kilikuwa kimeanza kuniuma na kwamba nilikuwa na kihofu kisicho na jina. Mtu akifanya kazi nzito kwenye kina kile hukusanya kaboni dioksidi mwilini kuliko anavyoweza kuipumua nje, na hewa hiyo ikizidi huzaa wasiwasi, nao wasiwasi huongeza pumzi. Geji haipimi jambo hilo. Aliyelipima ni mtu anayenifahamu.

Jumapili tulihamia Peacock Springs, hifadhi ya jimbo iliyo karibu na Luraville, ambayo sasa inaitwa kwa heshima ya mpiga mbizi na mpiga picha Wes Skiles aliyefariki mwaka 2010. Ni mahali kimya, pana ngazi za mbao na miti inayoinamia maji, na pangoni hamna mkondo wa kutisha. Mgeni hudhani kwa hiyo ni rahisi zaidi. Mimi naona ni kinyume chake. Ginnie, ukichoka, maji yenyewe hukutoa nje. Peacock utatoka kwa nguvu zilezile ulizoingia nazo. Tena kwa kuwa maji hayaendi popote, tope laini kama unga limelala sakafuni, na pezi likiligusa mara moja maji maangavu hugeuka uji, usiuone mkono wako. Ndiyo maana huko hatutumii theluthi kamili, na wanaoanza mafunzo hufungwa kwenye sehemu moja kati ya sita ya hewa yao.

Mlangoni, mahali ambapo bado unaona anga, swahiba wangu alifunga kamba ya rili yake, yaani kigurudumu cha kukunjia kamba, kwenye jiwe, akaifunga tena hatua chache ndani, kisha akaipeleka hadi kwenye kamba ya kudumu iliyolazwa na waliotutangulia. Juu ya kamba ile ya kudumu kuna vishale vya plastiki vinavyoelekeza mlango ulio karibu, hivyo hata taa zikizima zote, kidole kinaweza kusoma njia. Mahandaki ya pembeni yana kamba zao, ila haziunganishwi na kamba kuu. Huachwa pengo makusudi ili aliyepofushwa na tope asije akafuata tawi akidhani ni shina.

Tulikwenda dakika tisa. Maji yalikuwa maangavu, hewa ilikuwa tele, taa zote zilikuwa zikiwaka, pumzi zangu zilikuwa tulivu kuliko za jana. Hapakuwa na kasoro yoyote ninayoweza kukutajia. Lakini nilitazama handaki lililokuwa mbele, nikahisi kwamba leo sitaki. Nikabishana na nafsi yangu kwa muda wa pumzi nne au tano: ataniona mwoga, petroli tuliyochoma, jana nimeshamharibia. Kisha nikamzungushia mwanga wa taa, akageuka, nikainua dole gumba. Alilirudisha mara ileile, tukatoka, yeye akikusanya kamba nyuma yangu. Mbizi nzima haikufika dakika ishirini. Tulipoibuka kwenye majani yaeleayo alivua barakoa akaniuliza kama nina njaa, na mpaka tunavuka mpaka wa Georgia hakuuliza jingine juu ya habari hiyo. Mpaka leo hajauliza.

Sasa turudi kwa rafiki yako. Huenda ni mzamiaji hodari kuliko mimi, silikatai hilo. Lakini anaposema "nifuate tu", amekupangia safari ambayo wewe huna uwezo wa kuitambua kasoro yake. Hutajua kamba ilipaswa kufungwa wapi, hutajua hewa ya kugeukia ni ipi, na zaidi ya yote hutathubutu kuinua dole gumba, kwa kuwa utajiambia kwamba yeye ndiye ajuaye. Naye akipatwa na jambo, hewa yake ya akiba iko mgongoni mwa mtu ambaye hajafundishwa kumpa. Mlangoni mwa mapango mengi ya Florida utakuta bango lenye picha ya Mauti ameshika mundu, likikuambia usiende mbele bila mafunzo ya mapango, na wapo walimu wa kupiga mbizi wa baharini, watu wenye mamia ya mbizi, waliolipita wakafia ndani. Hizo arobaini zako za Mnemba ni nzuri, ila hapo hazikuhesabiwa.

Ushauri wangu ni huu. Nauli umeshalipa, basi safiri. Siku ya kwanza mzamie ule ukumbi wa Ginnie wenye wavu wa nondo, ukiwa na taa mbili. Maji ni nyuzi 22 mwaka mzima, ambayo kwa mtu wa Zanzibar ni baridi ya kutosha, kwa hiyo azima suti nene. Ukiipenda hali ile, tafuta mwalimu wa hatua ya kwanza ya mapango, ile isiyokutoa kwenye eneo la mwanga wa jua wala kukupeleka zaidi ya mita 60 kutoka uso wa maji. Ni kazi ya siku mbili au tatu, nawe utajifunza kamba, mapezi na kuazimana hewa.

Na kabla ya yote hayo, mpigie simu rafiki yako umuulize lini mara ya mwisho aligeuka njiani, na kwa sababu gani. Akikusimulia, msikilize hadi mwisho kisha panga naye. Akikujibu kwamba yeye hajawahi kugeuka, kodini mipira miwili mkaelee Santa Fe na wale vijana.