Jibu: Miti ya mlimani inakatwa, tuanzie wapi?

Habari ndugu. Umeuliza mwanzie wapi, maana miti ya mteremko juu ya mtaa wenu Morogoro inakatwa kupisha nyumba. Msianze kugombana na mjenzi. Nendeni kwanza mipango miji mkaone ramani: eneo limepangwa kuwa makazi au la? Ombeni pia kuona kibali cha ujenzi. Kisha, kama kuna mto karibu, pimeni umbali kutoka panapojengwa hadi ukingo wake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo huo. Barua yenu ya malalamiko ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala NEMC (baraza la taifa la mazingira), na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, la sivyo mtaambiwa haikufika. Picha pigeni leo, visiki vikiwa bado ardhini. Vikishang'olewa, udongo hauna kinachoushika, na masika yataushusha wote mitaroni kwenu.