Mama wa ndizi hakusikia neno hata moja

Ngoma yangu ya kwanza ya rap niliilipia elfu hamsini. Nilitoka studio na flashi mfukoni kama mtu aliyeokota dhahabu Chunya, nikampa dereva wa bajaji tunayefahamiana, tukaondoka Kabwe, hapa Mbeya, besi ikitikisa viti. Nyuma nilikaa na mama mmoja, mkungu wa ndizi mapajani. Hata kiitikio hakijafika, akamuuliza dereva, "Baba, huyu kijana anagombana na nani?"

Kijana mwenyewe yuko ubavuni mwake. Vesi mbili nzima nilichana kuhusu bei ya mbolea, na mtu niliyemwandikia ndiye huyo mama.

Kwa miaka kadhaa nililaumu biti. Siku hizi nawarekodi vijana kwenye chumba kimoja Ilomba, godoro limeegemezwa ukutani, na mvua ya Januari ikianza kupiga bati tunaahirisha. Nimewasikiliza wengi mno mpaka mawazo yamebadilika: mara nyingi anayeua mashairi ni mwandishi mwenyewe, kwa kujaza maneno. Na sisi wa Mbeya kisingizio tunacho. Sugu alitoka kwenye kuchana akawa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, basi kila kijana hapa anaamini maneno yakiwa mengi yatamfikisha.

Hebu hesabu. Baa moja, yaani kipande kimoja cha mdundo, ina mapigo manne. Kila pigo ukiligawa mara nne unapata nafasi 16. Mshororo wa shairi la kimapokeo nao una mizani (silabi) 16, nane kwa nane. Aliyekolea ushairi wa darasani akiandika mstari kamili, unaingia kwenye baa kama mguu kwenye kiatu cha kubana. Umeingia, ila vidole havichezi.

Kijana mmoja aliniletea huu: "Nimetoka Mwanjelwa na magunia ya viazi." Mizani 16, mwalimu wa Kiswahili angempa vema. Lakini kwa kasi ya mapigo 90 kwa dakika, vesi ya baa 16 inaisha kwa sekunde kama 43. Ukijaza kila mstari hivyo, ni silabi 256. Mdomo unaweza ukifanya mazoezi. Sikio la mama wa ndizi ndilo haliwezi. Tukaupunguza: "Natoka Mwanjelwa, viazi begani." Mizani 12. Zile nne mwachie prodyuza. Hapo snea, ile ngoma kali ya kwenye mdundo, inalia, na msikilizaji anapata muda wa kuviona hivyo viazi.

Halafu mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, lakini vijana wanabeba flo (mtiririko wa kuchana) ya Marekani na kukaza popote biti inapogonga. Chukua "barabara". Ukikaza silabi ya tatu kutoka mwanzo, ni njia ya kwenda Tunduma. Ukikaza ya pili, umesema "sawasawa". Kabla hujaenda studio soma mistari yako huku unapiga meza, bila biti yoyote. Silabi yenye mkazo ikiangukia kwenye snea, neno linasikika hata mdundo uwe mzito namna gani.

Prodyuza naye simwachi. Konsonanti zinazotofautisha "pata" na "kata" zinakaa juu, kwenye hezi 2,000 hadi 5,000 hivi, na huko huko ndiko vinanda na haihati (yale matoazi ya kwenye mdundo) zinakojazana. Usimwambie "niongeze sauti". Mwambie apunguze kinanda pale unapochana, na kwenye panchi yako kali, ule mstari wa kupigilia, akate biti kabisa kwa nusu baa.

Ile besi ya 808 mnayoililia, iliyopewa jina la mashine ya midundo ya Roland ya mwaka 1980, chini kabisa spika ya simu ndogo haiwezi kuitoa. Ngoma uliyoitegemeza kwenye besi ikifika kwenye simu ya kitochi zinabaki haihati na wewe. Kwa hiyo usimalizie hela ya studio kabla hujaisikiliza kwenye simu ya bei rahisi, nje, magari yakipita. (Kama ngoma ni ya kuchezwa tu, sina ugomvi. Harusi haichangamshwi na vina.)

Vesi ikiwa tayari, namtoa kijana nje tunapanda kilima, anachana huku anatembea. Mbeya vilima havikosekani. Yule wa viazi alianza kwa mbwembwe, hatujafika hata nusu akashika kiuno, mstari umemkatikia kooni. Alikaa juu ya jiwe, akaomba kalamu, akafuta mistari mitano. Wa sita aliutazama muda mrefu, akauacha.