Maswali ya Wasomaji: Delta ndani ya riwaya

SWALI: Naandika riwaya ya familia inayolima mpunga na kuvua katika delta ya Rufiji. Waliosoma mswada wanasema watu na mazingira wamekaa mbalimbali: ukurasa mzima wa mikoko, kisha ukurasa wa ugomvi wa mirathi. Nifanyeje? — Msomaji, Kibiti

JIBU: Anza na maji, maana kule ndiyo saa ya kila mtu. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kama saa sita na robo baina ya kujaa na kupwa, na kila siku huchelewa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo. Pwani ya Tanzania bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne. Ukiingia ndani ya vijito, ongeza kuchelewa kadiri unavyopanda mto.

Hapa ndipo waandishi wengi wanapojikwaa. Mwezi mpevu, saa nne usiku, wapenzi wanatoroka kwa mtumbwi katika kijito kilichofurika! Mvuvi akifika hapo anafunga kitabu, kwa sababu saa hiyo mtumbwi umelala topeni. Lakini usilifute tukio hilo. Waache wakwame. Kaka wa binti anatokea ukingoni na taa. Akishuka, mguu unazama hadi gotini, na pondo, mti wa kusukumia mtumbwi, haimsaidii. Wanaonana, wanasikiana, na hakuna wa kumfikia mwenzake mpaka maji yarudi. Watasema maneno gani saa zote hizo? Hiyo ni sura nzima, na hujaeleza mkoko hata mmoja.

Ugomvi wa mirathi nao uutoe kwenye udongo. Shamba la mpunga lililofyekwa kwenye mikoko hutegemea mvua na mafuriko ya mto kuosha chumvi. Mto usipofurika, mche hunyauka. Ukipona, kaa huukata. Miaka michache baadaye magugu hushinda na shamba huachwa. Basi mpe kaka mkubwa kipande cha upande wa bahari, mdogo wake cha juu kidogo, halafu ulete mwaka wa ukame. Na kumbuka mikoko ya Tanzania ni hifadhi ya misitu ya serikali: huenda ndugu hao wanagombania ardhi ambayo kisheria si yao. Mweke shangazi juu ya dungu, akiamia ndege, ayaone yote hayo kutoka juu.

SWALI: Je, nitaje aina za mikoko, au "mikoko" inatosha?

JIBU: Taja, ila kwa kazi yake. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi kama miguu ya buibui, ndio wa boriti, na mbegu yake huota ikiwa bado mtini, ndefu kama rungu jembamba, kisha hudondoka na kujichomeka topeni. Jani la mchu hutoa chumvi, lilambe utaisikia. Mlilana husimama mbele kabisa, unakabili bahari. Mkomafi huzaa tunda kubwa kama kichwa cha mtoto. Mhusika mkata miti hasemi "mikoko": anasema fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kwa unene, na huhesabu kwa korija, yaani 20. Akisema "mfumo wa ikolojia", mfukuze.

SWALI: Naweza kuingiza ile meli ya Wajerumani?

JIBU: Unaweza, lakini shika tarehe. Königsberg ilizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikarudi kujificha deltani. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa kina kidogo cha maji. Wakaleta meli mbili, Severn na Mersey, zinazoelea kwenye maji ya kina kidogo, zikaishambulia tarehe 6 na 11 Julai 1915, na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Wengine huiandika Königsberg kuwa nyambizi; sivyo. Mizinga yake ilitolewa ikapiganishwa nchi kavu. Tungo nyingi za vita hivyo hukaa sitahani pamoja na maofisa. Yako ikae na wapagazi walioburuta boila zake hadi Dar es Salaam kutengenezwa, na kuzirudisha.