Kusaga kahawa nyumbani bila kuchafua jiko

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nimechoka. Kila asubuhi unga wa kahawa uko mezani, uko sakafuni, uko mpaka kwenye kopo la chumvi. Mume wangu anasema turudi kwenye kahawa iliyosagwa tayari yaishe. Wewe mwenzangu unafanyaje?"

Nilicheka, halafu nikapandwa na hasira kidogo, maana maneno ya namna hiyo nami nimeshaambiwa. Kwangu hakuwa mume, alikuwa wifi. Alikuja kututembelea, akanikuta nimeshika kinu changu cha kusagia kahawa kwa mkono, akapitisha kidole mezani, akakitazama, kisha akauliza mbele za watu: "Hii kahawa mnakunywa au mnapaka ukutani?" Wakacheka wote. Nami nikacheka nao, ningefanyaje? Lakini lile neno halijanitoka, na nusu ya ujuzi nilionao leo nimeusomea kwa sababu ya kidole kile.

Siku hizi nasagia juu ya kitambaa cheupe. Makusudi kabisa. Aje tena aone.

Mdogo wangu, kwanza ujue kwamba tatizo si mikono yako. Punje zikivunjika na kusuguana ndani ya kinu zinapata chaji ya umeme tuli, uleule unaosimamisha nywele ukichana kwa kitana cha plastiki. Unga wenye chaji haudondoki kwa adabu. Fungua kikombe cha kinu chako utazame kwa karibu: unga umepanda kuta zote, na vile vipande vyepesi vya utando uliokuwa umeifunika punje vimening'inia ukingoni. Sogeza kidole, vinakirukia. Ukivipuliza vinahamia kwenye mkono wa nguo. Ukikung'uta, nusu inaanguka na nusu inang'ang'ania, kisha hiyo iliyong'ang'ania inakuja kudondoka baadaye, ukishapangusa meza na kukaa kunywa.

Dawa yake ni tone la maji. Moja. Pima punje za kikombe chako, chovya mpini wa kijiko cha chai kwenye maji, ukung'ute, halafu koroga nao punje kabla ya kuzimimina kwenye kinu. Mwenye kichupa cha kupulizia apulize mara moja kwa mbali, atikise. Punje zisionekane zimelowa. Ukiona maji yametuama chini ya bakuli umezidisha, na unga utaganda kwenye meno ya kinu, yale yanayosaga punje.

Najua kuna watakaosema maji na kahawa kavu ni ushirikina. Basi mwaka 2023 Christopher Hendon wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti wa jambo hilihili katika jarida la Matter. Miongoni mwao walikuwamo wataalamu wa volkano, kwa kuwa majivu ya volkano nayo hujichaji kwa kuvunjika na kusuguana, mpaka radi zinapiga juu ya mlima unaolipuka. Waliona kwamba unyevu wa punje ndio wenye kauli: punje zilizokaangwa sana, zikawa nyeusi na kavu, hujichaji zaidi, na kadiri unavyosaga laini ndivyo chaji inavyoongezeka. Maji kidogo yakiongezwa chaji hupungua, na kwa espreso, ile kahawa nzito ya mashine inayosukuma maji ya moto kwa nguvu kwenye unga, kahawa ikatoka kali zaidi, kwa kuwa unga haukushikana mabonge na maji yakapita sawasawa. Kwa hiyo tone hilo linakuokolea meza na kahawa pia. Wifi hayajui haya.

Miezi niliyohangaika na faneli, mabrashi na vifuniko vya kila aina naruka, haina ladha. Vilivyobaki jikoni kwangu ni vichache. Sinia lenye kingo, kinu kinakaa humo na hakitoki. Kikombe cha chuma cha kupokelea unga, kwa kuwa plastiki hushika chaji muda mrefu. Brashi laini ya rangi, mpya, isiyowahi kuona rangi. Basi. Kinu kikimaliza kusaga nakiacha kimya kama nusu dakika ndipo nafungua, chaji ipungue. Nagonga ubavuni kwa kiganja, unga unashuka wote kwa pamoja, pu, napitisha brashi mdomoni mwa kinu, nimemaliza. Hapo nimeshatia lile tone. Bila tone hata sinia halitakusaidia sana.

Wenye mashine ya umeme yenye bakuli la punje juu, tafadhali msilowanishe punje zinazokaa humo siku nzima. Tone ni la kiasi unachosaga sasa hivi, basi. Wa blenda ya visu nao nawaambia ukweli: tone litapunguza vumbi, lakini visu vinakata ovyo, unga mwingine poda na mwingine changarawe, na ile poda ndiyo inayotimka ukifungua kifuniko mapema. Subirini itulie. Mkipata uwezo, tafuteni kinu cha meno, hata cha mkono.

Na jamani, tuache uvivu. Watu wanataka kahawa inayonukia nyumba nzima lakini kutoa dakika moja ya kufagia kinu hawataki. Mafuta ya kahawa yanabaki kwenye meno, yanachacha, na kahawa ya kesho inaonja ya mwezi uliopita. Fungua, fagia kwa brashi kavu, funga. Usioshe meno ya chuma kwa maji ukayaacha na unyevu, yatashika kutu. Tone la kwenye punje ni dogo mno, maji ya bomba ni habari nyingine. Mchele wa kusafishia usitie kama mwenye kukitengeneza kinu hakuruhusu, punje zake ni ngumu kuliko kahawa iliyokaangwa na unaweza kuichosha mota. Mumeo naye mpe brashi ashike zamu yake, anayetaka kunywa afagie.